Deni Lisile Mbegu: Kulipa Madeni ya Shamba kwa Mpango Unaolindwa na Sheria

Somo la leo halina kipimo cha mbolea wala nafasi ya mistari. Ni somo la madeni. Najua wengine mtataka kuliruka mwende kwa lile la vitunguu, lakini kaeni kidogo. Mwenye vitunguu ndiye huyo huyo mwenye deni la agroveti, deni la Sacco, na ile mikopo mitatu ya simu ambayo nyumbani hawaijui.

Ninachotaka mshike ni hiki: hapa Kenya kuna sheria inayomruhusu mtu wa kawaida, sio kampuni tu, alipe madeni yake polepole chini ya mpango rasmi. Wakati analipa, wanaomdai waliomo ndani ya mpango hawawezi kumkimbiza mahakamani wala kumtumia dalali wapendavyo. Ni Sheria ya Ufilisi, Nambari 18 ya 2015, ile iliyochukua nafasi ya Sheria ya Kufilisika ya zamani, Sura ya 53. Wengi wakisikia neno ufilisi wanafikiria kunadiwa kila kitu mpaka sufuria. Lakini ndani ya sheria hiyo kuna sehemu nzima ya njia za kuepuka kufilisika, na vijana wachache sana wanaijua.

Sasa, mpango wenyewe unakuwa mzuri kulingana na hesabu iliyo ndani yake. Ukiandikwa kama wa mtu wa mshahara, wa kulipa kiasi kile kile kila mwisho wa mwezi, shambani utaanguka kabla viazi havijatoa maua. Kwa hiyo tutagusa sheria, halafu tukae kwa bajeti, manake hapo ndipo mkulima anashinda au anashindwa. Mimi ni afisa wa kilimo, si wakili. Ukifika hatua ya kutia sahihi, tafuta mtu wa sheria akusomee.

Deni linavyoua shamba

Watu hudhani deni linaua shamba siku dalali anapofika na lori. Mara nyingi shamba lilishakufa zamani. Lilikufa siku ya kupanda.

Angalia vile inaenda. Una deni kwa watu wanne. Kila mmoja anapiga simu. Yule anayepiga kelele zaidi ndiye unamlipa, na unamlipa na pesa iliyo karibu, ambayo ni pesa ya msimu ujao. Sasa mvua inakuja na huna ya mbegu iliyothibitishwa. Unachukua vile viazi vidogo vilivyobaki stoo, au unanunua kwa jirani bila kujua vilitoka wapi. Mbolea unaweka mfuko mmoja mahali pa minne. Dawa ya bakajani unapuliza mara mbili badala ya kufuata ratiba. Mnyauko wa bakteria unaingia na ile mbegu, na ukishaingia kwa udongo huo si mgeni wa kuondoka kesho. Mavuno yanashuka, deni liko palepale, na msimu unaofuata unaanza ukiwa chini zaidi.

Ndio maana nasema kitu cha kwanza kuandika kwenye mpango wa kulipa ni gharama ya msimu ujao. Pesa ya wanaokudai inafuata baada ya hiyo. Sio kwamba tunawadharau. Mkulima asiyepanda hatalipa mtu, na mdai mwenye akili anajua hivyo ukimwonyesha kwa namba.

Njia zilizomo katika sheria

Tuanze na hali rahisi kabisa: una mdai mmoja tu. Tuseme ni agroveti. Hapo huhitaji mambo ya ufilisi. Kaa naye, andikeni makubaliano, kila mtu atie sahihi, kuwe na shahidi. Akikataa na kwenda kortini, usijifiche. Siku hizi madai ya hadi shilingi 1,000,000 yanaweza kupelekwa kwa Mahakama ya Madai Madogo, na sheria inaitaka mahakama hiyo iamue ndani ya siku 60. Siku 60 ni fupi kuliko viazi kukomaa! Nenda, ukubali kile unachodaiwa kweli, ubishie kile usichodaiwa, kisha uombe kulipa kwa awamu. Kanuni za kesi za madai zinairuhusu mahakama kuamuru malipo ya awamu, hata baada ya hukumu kutolewa. Tatizo ni kwamba amri hiyo inahusu mdai huyo mmoja. Wale wengine watatu bado wako barabarani wanakuja.

Kwa wadai wengi ndipo Sheria ya Ufilisi inaingia, na kwa mtu binafsi kuna milango miwili ya kujua.

Wa kwanza ni amri ya malipo ya awamu kwa madeni madogo. Hii inatolewa na ofisi ya serikali ya mambo ya ufilisi. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita Mpokeaji Rasmi, lakini ukienda ulizia Official Receiver, ndilo jina linalotumika. Ofisi hiyo iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, Nairobi. Wewe mwenyewe unaomba, au anayekudai anaomba kwa idhini yako. Unataja madeni yote, mali yote, mapato yote, na unapendekeza utalipa kiasi gani na lini. Amri ikitolewa, anawekwa msimamizi wa kupokea malipo na kuwagawia wadai. Madeni yaliyomo humo hayaanzishiwi wala kuendelezewa kesi bila ruhusa. Sheria imeweka kikomo cha jumla ya madeni yasiyo na dhamana, kwa hiyo swali la kwanza utakaloulizwa ni jumla yako. Uwe nayo kichwani.

Soma tena hapo pa malipo: awamu au namna nyingine, yote au kiasi kinachowezekana. Sheria haijasema lazima iwe kila tarehe mosi. Hilo ndilo dirisha la mkulima.

Mlango wa pili ni makubaliano ya hiari, na huu unafaa madeni makubwa. Hapa unatafuta mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni akubali kuwa msimamizi wako wa muda. Mnaandika pendekezo. Mnaenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kinga ya muda. Ikitoka, inaanza kwa siku 14 na mahakama inaweza kuirefusha. Ndani ya kipindi hicho hakuna wa kukuombea ufilisike, wala kuanzisha kesi au kukamata mali yako kwa hukumu, ila kwa ruhusa ya mahakama. Msimamizi anakagua pendekezo, anaripoti, na wadai wanaitwa kwenye mkutano wapige kura. Likipita, linawafunga hata wale waliopiga kura ya kukataa. Hapo ndipo uzuri wake ulipo: mtu mmoja mwenye hasira hawezi kuvunja kile wengine wamekubali. Lakini mtaalamu analipwa, na mahakama ina gharama zake. Kwa deni la laki mbili sioni kama inafaa. Kwa mwenye greenhouse nne na deni la milioni tatu, hebu afikirie.

Kuna mlango wa tatu ambao nitautaja tu nipite: utaratibu wa asiye na mali. Ni wa mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000 ambaye hana mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa chochote. Mkulima aliye na ng'ombe wawili na ekari moja yenye hati asiutegemee huo.

Rehani ni habari nyingine

Hapa naomba umakini, kwa sababu ndipo watu huumia wakidhani wamekingwa.

Mdai ambaye umempa dhamana ya kitu fulani hayuko sawa na wengine. Sheria inasema wazi kwamba makubaliano ya hiari hayawezi kugusa haki ya mdai mwenye dhamana ya kuchukua dhamana yake, ila yeye mwenyewe akubali. Kama benki imeshika hati ya shamba la familia, usitegemee mpango wa agroveti na mikopo ya simu uizuie. Benki unaizungumzia peke yake.

Lakini benki nayo haiamki asubuhi na kuuza. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka ikupe kwanza notisi inayosema umekosea wapi na ulipe nini, na kwa deni la pesa muda wa kurekebisha usipungue siku 90. Usipolipa, inatoa notisi ya kuuza ya siku zisizopungua 40. Halafu dalali mwenyewe, kwa kanuni za madalali, anatoa notisi ya siku 45 ya kukomboa mali isiyohamishika. Zikifuatana moja baada ya nyingine unakaribia miezi sita. Mke au mume aliyetia sahihi kukubali rehani naye apewe notisi ya kuuza. Miezi sita ni msimu mzima wa viazi pamoja na kuuza. Basi siku ya kuongea na benki ni ile ya notisi ya kwanza, ukiwa bado na zao moja mbele yako la kuahidi. Ukingoja ya dalali, huna la kuweka mezani. Na usiiweke notisi kwa droo. Kutofungua bahasha hakusimamishi siku.

Kitu kingine ambacho vijana hawakijui: tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kuandikisha ng'ombe, trekta, pampu ya maji, hata mazao yaliyoko shambani kama dhamana. Wengi mlitia sahihi bila kusoma. Kabla hujasema "deni hili halina dhamana", toa mkataba usome ukurasa wa nyuma.

Na je, kama huna mpango wowote, na mdai asiye na dhamana ameshapata hukumu? Kuna kinga kidogo kwa mkulima ndani ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44. Kwa mkulima mdaiwa haziguswi shilingi 10,000 za kwanza za thamani ya mifugo yake, 5,000 za kwanza za vifaa na mashine za ufugaji na kilimo, na 1,000 za kwanza za mazao anayohitaji kujipatia riziki. Ziliandikwa zamani hizo namba. Leo 10,000 hainunui mtamba wa gredi, na 1,000 ni nusu gunia la viazi bei ikiwa nzuri. Kwa hiyo usitegemee kifungu hicho kikuachie shamba linalofanya kazi. Kitakachokuachia shamba ni mpango ulioingia mapema.

Tupige hesabu sasa

Chukua kalamu. Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya somo, namba zako zitakuwa tofauti, lakini umbo ni lile lile.

Kijana ana ekari moja ya viazi huko Kinangop, misimu miwili kwa mwaka, na ng'ombe wawili wa maziwa. Anadaiwa hivi: Sacco 120,000, agroveti 60,000, mikopo ya simu jumla 35,000, na fundi aliyemuuzia pampu 25,000. Jumla 240,000. Hakuna iliyoshika hati ya shamba.

Maziwa: anauza lita 18 kwa siku, tuseme kwa shilingi 45. Ni 810 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni 24,300. Chakula cha ng'ombe, chumvi, dawa na kupandisha vinakula 12,000. Nyumba inakula 8,000. Kinabaki 4,300. Sasa swali: kijana huyu, akibanwa kwa simu, ameahidi watu wanne kiasi gani? Sacco 5,000 kwa mwezi, agroveti 4,000, simu 3,000, fundi 3,000. Ni 15,000 kwa mwezi kutoka kwa mfuko wenye 4,300. Hiyo ahadi ilikuwa ya uongo siku ileile ilipotolewa, hata kama aliitoa kwa nia safi. Ile 10,700 inayopungua kila mwezi itatoka wapi? Itatoka kwa pesa ya mbegu. Ndiyo ile hadithi ya juu.

Turudi kwa viazi. Ekari moja inahitaji magunia 16 hivi ya kilo 50 ya mbegu iliyothibitishwa. Kwa 3,000 kila moja ni 48,000. Mbolea mifuko minne ya ruzuku kwa 2,500 ni 10,000. Dawa 12,000. Vibarua, kutoka kulima hadi kuvuna, 20,000. Jumla 90,000 kwa msimu.

Mavuno: magunia 80 ya kilo 50. Nasema ya kilo 50 iliyopimwa kwa mizani, sio lile gunia la broka lililoshonewa kofia juu. Ukiuza kwa gunia la kofia umeshamlipa broka deni ambalo hukumkopa.

Bei ndipo penye mtego. Kijana atataka kuandika 2,000 kwa gunia, kwa sababu msimu uliopita aliuza hivyo. Mimi ningemkataza. Andika bei ya msimu wa kawaida ulioelekea ubaya, tuseme 1,600. Magunia 80 kwa 1,600 ni 128,000. Toa 10,000 ya magunia na usafiri, inabaki 118,000. Toa 90,000 ya msimu unaokuja, ambayo inaingia kwa akaunti yake peke yake siku hiyohiyo ya kuuza. Inabaki 28,000. Hiyo ndiyo pesa ya wadai kwa kila mavuno.

Kwa maziwa, ile 4,300 usiiahidi yote. Ng'ombe huugua matiti, ng'ombe hukauka kabla ya kuzaa. Weka 1,300 kando kila mwezi, ahidi 3,000.

Sasa jumlisha. Maziwa 3,000 mara miezi 12 ni 36,000. Viazi 28,000 mara mbili ni 56,000. Kwa mwaka ni 92,000. Kwa miaka mitatu ni 276,000, na deni ni 240,000. Kuna mwanya wa 36,000. Msimu mmoja ukiharibika kabisa, na gharama ya kupanda upya ikiwa tayari imewekwa kando, anapoteza 28,000 na bado anafika. Ikiharibika miwili, hafiki kwa muda, na hapo lazima arudi kwa msimamizi mapema kuomba mpango ubadilishwe, kabla ya kukosa malipo, sio baada.

Unaona tofauti? Ukiandika mpango wa kila mwezi sawa kwa sawa, 92,000 gawa kwa 12 ni 7,667 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza tu ana 3,000. Kwenye karatasi ni pesa ileile ya mwaka, lakini mmoja unaanguka na mwingine unasimama. Kwa hiyo andika hivi: kiasi kidogo kila mwezi kutoka kwa maziwa, na kiasi kikubwa mara mbili kwa mwaka, wiki mbili au tatu baada ya mavuno. Ambatanisha kalenda ya shamba: unapanda lini, unavuna lini, unauza wapi. Msimamizi aliyekulia mjini hawezi kukisia. Mwandikie.

Ukiwa na risiti za kuuza maziwa kutoka kwa chama cha ushirika, hata kama ni za miezi sita tu, mpango wako una uzito kuliko maneno matamu. Kijana anayeuza maziwa yote kwa mama wa chai bila rekodi atapata shida kuthibitisha hata ile 24,300. Hii nimeisema kwa masomo mengine: rekodi ya shamba ni ushahidi, siku moja utauhitaji mbele ya mtu usiyemjua.

Sacco na wadhamini wako

Deni la Sacco lina watu ndani yake. Kuna binamu yako, kuna mwalimu wa shule ya msingi, kuna rafiki wa kanisa au wa msikitini, waliotia sahihi kukudhamini. Mpango unakukinga wewe. Mdhamini ana mkataba wake mwenyewe na Sacco, na kuwekwa kwako kwenye mpango pekee hakumfuti yeye. Sacco inaweza kwanza kuchukua akiba yako, halafu ikamgeukia. Akikulipia, sasa yeye ndiye anakudai.

Kwa hiyo kabla hujapeleka maombi popote, keti na wadhamini. Waonyeshe hesabu. Omba kwamba pendekezo liseme waziwazi kwamba Sacco haitawafuata mradi malipo yanaenda vizuri, na Sacco ikikubali iandikwe. Wengine watakasirika, hiyo ni haki yao. Lakini kusikia kutoka kwako mezani ni afadhali kuliko kuona mshahara umekatwa. Nimeona familia zikiacha kusalimiana kwa deni la elfu arobaini, na haikuwa kwa sababu ya hiyo arobaini. Ilikuwa kwa sababu mtu alijificha.

Yale yatakayovunja kinga yako

La kwanza ni kuficha. Ukitoa taarifa ya uongo ili upitishiwe pendekezo, ni kosa la jinai. Kuna wanaoshauriwa kijiweni wahamishie ndugu zao shamba kwanza, "kwa muda tu", halafu waombe. Sheria ina nguvu ya kurudisha mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa ili kuwakwepa wadai. Utakuwa umepoteza kinga na pengine umempoteza ndugu pia, manake wengine wakishaandikiwa hawarudishi.

La pili ni kumpendelea mmoja kimyakimya. Najua nani atakushawishi: agroveti. Atakuambia, nimalizie mimi, nami nitakupa dawa msimu ujao. Ukishaingia kwenye mpango, pesa inapita kwa msimamizi na kila mdai anapata fungu lake kwa kadiri ya anachodai. Mwambie agroveti ukweli, na ununue pembejeo kwa ile akaunti ya msimu, taslimu. Ukiwa na taslimu hata bei unaongea.

La tatu, kukopa kipya. Chini ya amri ya awamu huruhusiwi kwenda kukopa kana kwamba hakuna kitu. Mkopeshaji lazima ajue uko chini ya amri. Na jina lako linaingia kwa daftari ambalo watu wanaweza kulikagua. Hii ndiyo bei ya kinga, sitaki kuificha. Mwenye tenda ya kupeleka mboga kwa hoteli au shule afikirie itaonekanaje, na ikibidi amwambie mteja wake kabla hajasikia kwingine. Mpango pia haufuti historia yako kwa kampuni za taarifa za mikopo. Unaziba tundu tu, kovu linabaki kwa muda.

Na kuna matapeli, hawakosi. Mtu anakupigia simu kwamba atafuta madeni yako yote ukimtumia elfu tano kwa M-Pesa. Mpango halali una ofisi, una karatasi yenye muhuri, na wadai wako wanaarifiwa. Kama wanaokudai hawajui kwamba kuna mpango, basi hakuna mpango.

Mmoja atauliza: na kufungwa je? Kifungo cha madai bado kipo katika sheria, na hakizidi miezi sita, lakini mahakama haikupeleki huko kwa sababu tu huna. Inatakiwa iridhike na mambo kama kwamba unataka kutoroka, au ulikuwa na uwezo wa kulipa ukakataa. Ndio maana tena rekodi. Mwenye daftari anaweza kuonyesha pesa ilienda wapi.

Kwa waliokopa benki kuna jambo moja zaidi la kudai. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakuwa wa kutolipika, riba haiwezi kuongezeka kupita kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki wakati huo. Kama ulibakiza 80,000 mkopo ulipokwama, riba ya baada ya hapo isizidi 80,000 nyingine. Omba taarifa ya akaunti, kaa na kikokotoo, hesabu mwenyewe kabla hujaandika jumla kwenye fomu.

Beba hizi

Ukiamua kwenda, iwe BRS, kwa wakili au kwa mtaalamu wa ufilisi, usiende na simu mkononi na maneno mdomoni. Nenda na kitambulisho na namba ya KRA. Orodha ya kila anayekudai, hata shangazi, na kiasi, tarehe ya kukopa na kama kuna dhamana. Mikataba yenyewe. Taarifa za M-Pesa na benki za miezi sita au zaidi. Nakala ya hati ya shamba au mkataba wa kukodi, kwa sababu shamba la kukodi likikatizwa katikati ya mpango mapato yote yanageuka. Orodha ya mifugo na mashine kwa bei ya kuuza leo, sio ile uliyonunulia. Risiti za maziwa na mazao. Notisi zozote, zikiwa zimefunguliwa. Na ukurasa mmoja wa bajeti ya msimu pamoja na kalenda, kama ile tuliyoifanya hapa juu.

Huo ukurasa wa mwisho, kama unakushinda, pita ofisi ya kilimo ya wadi yako na daftari lako. Kupanga gharama ya ekari moja ni kazi yetu, na hatutozi. Njoo asubuhi, mchana huwa tuko mashambani.